Mpangaji Mwenye Mlango

Kuna nchi moja, jina lake silitaji. Simwogopi mtu, ni vile meno yangu thelathini na mawili yote bado yapo na nimeshayazoea. Itoshe kusema nchi hiyo iko mbali sana na kwetu. Ukiona humu jambo linafanana na la mtaani kwenu, tatizo ni macho yako, nenda kapime.

Huko wapangaji na wenye nyumba walikuwa wanapigana. Siku za kazi walipigana kwa mapanga, siku za mapumziko kwa michi. Mwenye nyumba akitaka chumba chake, anamtoa mpangaji kupitia dirishani, na dirisha lenyewe lina nondo. Mpangaji akitaka bati lizibwe, anamng'ata mwenye nyumba sikio mpaka aseme "sawa." Hospitali kuu ilibidi ijenge ukuta katikati ya wodi, upande huu wenye nyumba, upande ule wapangaji, maana hata wakiwa wametundikiwa dripu walikuwa wanarushiana chupa za mkojo.

Serikali ikasikitika. Serikali ya huko ina moyo laini sana, hata ikikupiga inageuza uso pembeni. Ikaandaa Muswada wa Haki na Wajibu wa Mpangaji na Mwenye Nyumba, kurasa mia mbili na kumi, na ndani yake kila kitu kimo: mkataba wa maandishi, notisi ya siku tisini, nani anaziba bati, nani anazibua choo, nani haruhusiwi kummwagia nani maji ya moto. Muswada ukapelekwa bungeni.

Sasa, wabunge wa huko robo tatu ni wenye nyumba, na robo iliyobaki wako kwenye ujenzi. Waliujadili kwa uzalendo mkubwa. Siku ya kwanza walichana kurasa hamsini kwa sababu muswada ulikuwa mzito kuubeba. Siku ya pili wakachana mia, kwa sababu zilikuwa na maneno mengi. Siku ya tatu mjadala ukaangukia karibu na chakula cha mchana, na mnajua njaa ya mtu anayelitumikia taifa. Waliporudi kutoka mezani, ilikuwa imebaki sentensi moja tu. Nayo ilipona kwa bahati: ilikuwa nyuma ya karatasi na hakuna aliyegeuza.

"Mpangaji mwenye mlango hatafukuzwa."

Basi. Ikasainiwa, ikawa sheria ya nchi.

Waziri wa Makazi akapanda jukwaani uwanja wa taifa, kitambi kikatangulia, yeye akafuata.

"Ndugu wananchi! Leo mpangaji amezaliwa mara ya pili! Kuanzia saa hii, mwenye nyumba hatamgusa mpangaji mwenye mlango. Narudia, mwenye mlango! Wataalamu kutoka nje wameniuliza, Mheshimiwa, mmewezaje kutunga sheria fupi hivi? Nikawajibu, akili! Wenzetu wanaandika vitabu, sisi tunaandika mlango!"

Watu wakapiga makofi. Waliochelewa kupiga makofi walipigwa wao.

*

Wenye nyumba wa huko si wajinga. Waziri alikuwa hajashuka jukwaani, tayari maduka ya vifaa vya ujenzi yameishiwa mitaimbo. Sheria inasema mpangaji mwenye mlango hafukuzwi, sivyo? Haya, nani amemgusa mpangaji? Wakagusa milango. Kwa wiki ya kwanza iling'olewa elfu nne, na kwa kuwa milango mingine ilikuwa na watu waliokataa kuiachia, iling'oka pamoja na vidole.

Wapangaji wakaenda kulalamika. Serikali ikatoa ufafanuzi kwenye gazeti lake, nami naunukuu kwa heshima zote: "Asiye na mlango yuko nje. Aliye nje si mpangaji. Asiye mpangaji akikutwa ndani ni mvamizi. Mvamizi apigwe viboko kumi na viwili, na akishukuru apunguziwe kimoja."

Ili kazi hiyo isifanywe kihuni, kikaundwa Kikosi cha Ustawi wa Milango, chini ya Sajini Matimbwa. Huyu ni bwana mmoja ana shingo kama kinu, lakini mpole ajabu. Vijana wake walivaa glavu nyeupe, na kila mmoja alikuwa na mtaimbo wa serikali wenye namba. Walikuwa na utaratibu. Wakikuvunja mbavu, unajaziwa Fomu ya Kipigo kwa nakala tatu. Nyeupe inabaki kwao, ya njano anapewa mwenye nyumba, ya bluu unakaa nayo wewe uliyepigwa, ukaitunze vizuri, kwa sababu ukipigwa tena watakudai ile ya mwanzo.

Basi wapangaji wakaanza kufungua bawaba na kutembea na milango yao. Unaenda kazini, mlango kichwani. Unaenda kliniki, mtoto mgongoni na mlango kichwani. Misikitini pakawa na sehemu ya viatu na sehemu ya milango, na makanisani milango ilisimamishwa ukutani kama inasubiri komunyo. Nilisikia juu ya harusi moja ambapo bwana harusi na bibi harusi walikuja kila mmoja na wake, wakaanza kugombana pale pale mbele ya shehe ni upi utakaobaki. Mpambe alishonwa nyuzi tisa.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kulikuwa na nyumba ya Mzee Mfaume Tindwa, vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo kimoja. Mzee mwenyewe alikaa chumba cha mbele, ili asipitwe na mtu wala harufu ya mboga ya mtu. Chumba cha nne alikaa Mwasiti, muuza mihogo ya kukaanga, mama wa miaka arobaini na ushee, mikono imejaa madoa ya mafuta ya moto. Aliingia humo akiwa bibi harusi, humo akafiwa na mume, na binti yake aliyeko shule ya bweni huwa anarudi humo likizo. Kodi hakuwahi kuichelewesha hata siku moja. Ugomvi ulikuwa ukuta.

Ukuta wa choo ulianguka wakati wa masika. Tangu hapo wapangaji wa kike walikuwa wanakwenda wanne, mmoja anaoga, mmoja anamwaga maji, wawili wanashika kanga, na upepo ukija wote wanne wanaonekana, pamoja na ndoo. Mwasiti akachukua karatasi akaandika:

"Baba mwenye nyumba, shikamoo. Ukuta wa choo umeanguka miezi mitano sasa. Tunaoga tunaonwa na fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, na fundi mwenyewe siku hizi hatengenezi baiskeli hata moja. Kodi tunalipa. Kuujenga ni wajibu wako. Ni mimi mpangaji wako, Mwasiti, chumba cha nne."

Mzee Mfaume aliisoma akiwa amesimama katikati ya ukumbi, kwa sauti, ili nyumba nzima ifaidike.

"Wajibu!" akasema. "Nani kakufundisha neno hili, wewe mama?"

"Shuleni, baba. Darasa la nne."

"Na haki ulifundishwa?"

"Tulifika huko, mwalimu akahamishwa."

Kisauji, mpangaji wa chumba cha tano, akacheka akiwa anachambua mchele mlangoni kwake. Mumewe Chande, kinyozi, naye akacheka, akajikata kidole na wembe. Mzee Mfaume hakucheka. Aliingia chumbani kwake, akatoka na mtaimbo, akaupachika kwenye bawaba ya juu ya mlango wa Mwasiti.

"Hapa kwangu hakuna wajibu. Hapa kuna mimi."

"Baba, toa chuma hicho."

"Nitoe?"

"Nakuomba kwa mara ya mwisho, na shikamoo nimeshakupa."

Bawaba ikalia. Mwasiti akaingia ndani, akatoka na upawa wa chuma anaogeuzia mihogo, akampiga nao vidole vya mkono wa kulia, viwili vikavunjika kama biskuti. Mzee akarusha ngumi kwa mkono wa kushoto. Jino la mbele la Mwasiti likaruka likatua kwenye ungo wa mchele wa Kisauji. Kisauji akaliokota, akalipuliza vumbi, akaliweka pembeni.

"Shoga, jino lako hili hapa, usije ukalitafuta."

Wakapigana mpaka uani, wakauangusha na ule ukuta wa pili wa choo ambao ulikuwa bado una nia ya kusimama. Sajini Matimbwa akafika na glavu zake nyeupe, akasubiri kwa adabu wachoke, halafu akafungua begi.

"Haya wazee wangu, shughuli nzuri. Sasa tuandikiane. Shauri hili litakwenda Baraza la Nyumba baada ya siku saba. Mama, siku hiyo ukija na mlango wako, chumba ni chako na mzee atajenga ukuta. Ukija mikono mitupu, chumba kinarudi kwa mzee na wewe utachapwa viboko kumi na viwili. Umeelewa?"

"Kwa hiyo siku saba nilinde mlango."

"Huo ndio wajibu wa mpangaji," akasema Sajini. "Na wajibu wangu ni kuuchukua. Saini hapa."

Mwasiti hakuwa na kalamu. Akasaini kwa damu ya ufizi, Sajini akasifu mwandiko.

*

Mwasiti akaung'oa mlango wake mwenyewe, mninga mtupu, mzito kama dhambi za mbunge, akaubeba mpaka kijiweni kwake. Akauweka juu ya mapipa mawili ukawa meza. Juu yake mihogo, pilipili na chumvi. Chini yake yeye amekaa, mguu mmoja umefungwa kamba kwenye kitasa.

Siku ya pili vijana wanne wa Kikosi wakaja kwa mwendo wa gwaride.

"Mama, tumekuja kununua mihogo."

"Ya kiasi gani?"

"Yote. Pamoja na meza."

Walipoinua ncha moja, Mwasiti akainua karai. Mafuta yalikuwa yamechemka tangu asubuhi. Kijana wa kwanza yalimpata kifuani, wa pili usoni, na yule wa tatu alikimbia na glavu zinafuka moshi. Wa nne alibaki. Alikuwa mpya kazini, bado anaamini mafunzo. Akampiga Mwasiti mtaimbo wa bega, bega likashuka upande kama mfuko uliokatika mkanda. Mwasiti akaanguka juu ya mlango, akaukumbatia kwa mkono mmoja uliobaki. Kijana akavuta miguu, akavuta nywele, akakanyaga mgongo. Wateja waliokuwa wanasubiri mihogo wakamwacha apige kidogo, maana walitaka kuona, halafu wakamrukia. Alipotoka chini yao, fomu zake zilikuwa zimejazwa tayari, zote tatu, mdomoni mwake.

Siku ya tatu ilikuwa mapumziko ya kitaifa, Sikukuu ya Amani. Walipiga wachache tu.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya Chande. Huyu mlango wake hakuubeba. Alisema yeye ni kinyozi, akipita na mlango kichwani wateja watadhani amekuwa seremala. Akabaki nyumbani, akaung'oa akaulaza kizingitini, akaukalia. Saa tano asubuhi Sajini Matimbwa akaja mwenyewe, na Mzee Mfaume nyuma yake, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Mzee mzima unakalia mlango?" akasema Mzee Mfaume. "Unaatamia?"

"Nikitotoa nitakupa kifaranga," akajibu Chande.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, na mimi nayaona si mabaya. Walimpiga kichwani mara moja, kwa mtaimbo namba kumi na saba. Kisauji alirudi kutoka sokoni akamkuta amelala kwenye kizingiti kitupu, miguu ndani, kichwa nje.

Daktari wa serikali akaitwa. Akapima kwa futi. Sehemu kubwa ya marehemu ilikuwa ndani, lakini kichwa, ambacho ndicho kilichopigwa, kilikuwa nje. Akaandika: "Amefia nje. Si mpangaji. Hakuna shauri." Akamtaka Kisauji alete nakala ya bluu.

Kisauji hakulia mbele yao. Alikwenda jikoni akachukua shoka la kuni, akaanza kulinoa kwenye jiwe la uani, taratibu, na hakusema neno mpaka siku ya saba. Mzee Mfaume akahamishia kitanda chake mbali na ukuta.

Siku ya sita mlango wa Mwasiti ulichomwa moto kijiweni. Aliuzima kwa kuulalia.

*

Baraza la Nyumba lilikuwa na ukumbi mkubwa, viti vya velveti, na picha ya Waziri anacheka. Wapangaji walijaa mpaka nje, kila mmoja na mlango wake. Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Lutambi, alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutoona.

Mwasiti akaingia. Bega moja limening'inia, jino hana, tumbo lote malengelenge ya moto, na mlango mgongoni umefungwa kwa kanga. Mlango nao ulikuwa na alama za panga kumi na nne, ubao wa chini mweusi tii, na karibu na kitasa meno mawili ya mtu yamekwama. Hayakuwa ya Mwasiti.

"Mlango huu hapa, Mheshimiwa," akasema. "Naomba chumba changu."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mheshimiwa Lutambi akagonga meza.

"Mzee Tindwa, una la kusema?"

Mzee Mfaume akasimama, mtaimbo kwapani. "Mheshimiwa, huyu mama amekuja na ubao. Mlango ni kitu unachokipitia. Huu tumeona unabeba mihogo, unalaliwa, unaungua. Umepitiwa na nani? Ubao!"

"Hoja nzito," akasema Mheshimiwa Lutambi, akabadilisha miwani. Wazee wa Baraza wakanong'onezana, wakaagiza chai, wakanywa, wakanong'ona tena. Mwishowe Mwenyekiti akatoa uamuzi ambao, nasikia, sasa unafundishwa chuo cha sheria:

"Baraza litaupima. Mlango usimamishwe hapa katikati ya ukumbi, askari wawili waushike kingo. Mpangaji akae upande wa pili. Mwenye nyumba aje upande huu aingie. Akiweza kuingia kama anavyoingia uwanjani, basi ni ubao. Lakini ikimlazimu kubisha hodi, ni mlango, na nyuma ya mlango ni kwa mtu."

Ukasimamishwa. Ulikuwa peke yake katikati ya ule ukumbi, hauna ukuta kulia, hauna ukuta kushoto. Waliokaa pembeni walimwona Mwasiti vizuri kabisa, amesimama nyuma yake, kiganja amekibandika kwenye mbao.

"Haya, mzee," akasema Mwenyekiti. "Bisha hodi."

Mzee Mfaume akautazama mlango. Jasho likamtoka.

"Hodi? Mimi? Nyumba nimejenga mimi, tofali nimefyatua mimi! Miaka kumi na moja naingia chumba kile yumo anavaa, yumo anakula, yumo anamlilia mumewe, sijawahi kusema hodi. Leo nianze, tena mbele za watu?"

Sauti ya Mwasiti ikatoka nyuma ya mbao, tulivu. "Neno moja tu, baba. Halikuvunji kidole."

Watu wakacheka. Nadhani kicheko ndicho kilichomponza. Mzee akainua mtaimbo kwa mkono wa kushoto, akapiga. Mninga ukakataa. Akapiga tena, ukapasuka kidogo pale ulipoungua. Mara ya tatu akauchoma kama mkuki, kwa uzito wake wote, na chuma kikapita. Kilizama mpaka karibu na kiganja cha mzee mwenyewe.

Halafu akakichomoa. Kilitoka chekundu.

Kicheko kikakatika. Nyuma ya mlango Mwasiti akakaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka na foleni.

Mheshimiwa Lutambi akaandika, akapuliza wino, akasimama.

"Baraza limeridhika. Kama ungekuwa ubao, mzee asingelazimika kuuvunja. Huu ni mlango. Mama Mwasiti ni mpangaji halali wa chumba cha nne, hatafukuzwa, na Mzee Tindwa atajenga ukuta wa choo kwa tofali za kuchoma. Baraza linampongeza mpangaji. Hukumu atakabidhiwa mkononi, kama utaratibu unavyotaka."

"Anavuja damu!" Kisauji akapiga kelele. "Mtu anakufa pale! Zungukeni!"

"Mama, tulia. Sasa hivi tumethibitisha kwamba ule ni mlango. Unataka Baraza livamie makazi ya mpangaji?"

Akashuka kutoka kwenye kiti chake na karatasi mkononi, akatembea mpaka mbele ya mlango, akagonga kwa kifundo kimoja cha kidole.

"Hodi!"

Kimya. Halafu kwa mbali, sauti kama ya mtu aliye chini ya mto: "Nani?"

Mheshimiwa Lutambi akafurahi. Kwa kazi yake ni nadra mtu kumuuliza swali hilo. Akavaa miwani ya kusomea.

"Ni mimi, Mheshimiwa Bwana Lutambi, Mwenyekiti wa Baraza la Nyumba la Kanda ya Kati na maeneo yanayoizunguka, Mjumbe wa Kudumu wa Kamati ya Maridhiano kati ya Wapangaji na Wenye Nyumba, Mlezi wa Mashindano ya Netiboli ya Kombe la Kitasa, Mshindi wa nishani ya utumishi uliotukuka daraja la pili, na la tatu pia, Katibu Mstaafu wa Tume ya Kuchunguza Kwa Nini Tume Zilizopita Hazikumaliza, mtunzi wa kijitabu kiitwacho Bawaba na Maendeleo, Kaimu..."

Askari aliyeshika ukingo wa kushoto alikuwa anaangalia chini. Damu ilikuwa imepita chini ya mlango, inafuata mteremko wa sakafu. Ikakifikia kiatu cha Mheshimiwa. Akasogeza kiatu, akaendelea na Kaimu. Zilikuwapo Kaimu nne.

"...naomba kuingia. Hodi!"

Kimya.

"Hodi, kwa mara ya tatu!"

Kimya kabisa.

Mheshimiwa Lutambi akaikunja hukumu. "Mpangaji ana haki ya kutojibu," akasema. "Tutapita kesho."

Ndipo Kisauji akatembea. Alizunguka mlango. Zilikuwa hatua tatu. Akapiga magoti, akamwinua shoga yake kichwa akakilaza mapajani, akamfumba macho kwa vidole viwili. Sajini Matimbwa akafungua begi lake.

"Mama, umeingia bila kukaribishwa. Hilo ni kosa la uvamizi. Viboko kumi na..."

Hakuimaliza hesabu. Shoka la Kisauji lilikuwa ndani ya kanga. Lilimpata Sajini begani, likabaki humo. Baada ya hapo sina maelezo ya nani alimpiga nani. Wapangaji mia mbili waliinua milango mia mbili. Picha ya Waziri ilivunjikia kichwani kwa karani. Vijana wa Kikosi walipiga kwa mitaimbo mpaka ikapinda, na mzee mmoja wa Baraza alitolewa kupitia dirisha ambalo, kwa bahati yake mbaya, nalo lilikuwa na nondo. Mzee Mfaume alikutwa chini ya milango kumi na mmoja iliyolaliana. Ulipoondolewa wa mwisho, hakukuwa na haja ya kumwita daktari na futi yake. Alikuwa ndani, mwili mzima.

*

Mwasiti alibebwa kwenye mlango wake mpaka makaburini. Mji mzima ulisindikiza, na wengi kwa mara ya kwanza katika mwaka ule walitembea mikono mitupu. Walipomshusha, mchimba kaburi akauliza mbao za kumfunikia ziko wapi. Kisauji, kichwa kimefungwa bendeji, akanyoosha kidole kwenye mlango. Ukakaa sawasawa, kana kwamba fundi alichukua vipimo. Wakafukia.

Siku ya tatu Halmashauri, ambayo ndiyo yenye ardhi ya makaburi, ikashtuka. Mwanasheria wao alikuwa amekesha anasoma ile sentensi moja. Akawaeleza: pale kwenye kiwanja chenu kuna mtu ana mlango, na Baraza limekwisha kuutambua. Hatafukuzwa. Leo ni huyo, kesho kila maiti itakuja na wake, na nyinyi mtabaki na wapangaji wa milele. Halmashauri ikaomba Kikosi kikafukue mlango. Mtu mwenyewe wakamwacha, hawana ugomvi naye.

Sajini Matimbwa akaenda na vijana kumi, sepetu na mitaimbo mipya. Mkono mmoja ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na begi la fomu amelibeba mwenyewe kwa ule mwingine. Walikuta watu wamesimama kuzunguka kaburi, safu kwa safu, mpaka barabarani. Hakuna aliyekuja na mlango. Walikuja na nyundo, michi na vyuma vya bawaba, na mmoja, yule fundi baiskeli, alikuja na mnyororo.

Kisauji alikuwa amekaa juu ya udongo, upawa wa kugeuzia mihogo mapajani.

"Mama," akasema Sajini, "tumetumwa. Tusipotezeane muda."

"Hatukuzuii, mwanangu," akasema Kisauji. "Bisha hodi. Akikukaribisha, chimba."

Sajini akatazama udongo. Akatazama wale watu. Akafungua mdomo, na kila mchi katika safu ya mbele ukapanda juu kidogo, ukingoja kusikia atasema nini.